Nani huhesabu faida ya msitu? Twende Shinyanga

Mnamo Novemba 13, 2023, huenda nawe msomaji ulikuwa miongoni mwa Wakenya walioshika jembe. Serikali iliitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko ili kila mwananchi apande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Watoto wa shule walipanda. Wakubwa nao walipanda, wengine huku wakipigwa picha. Sasa jiulize: ule mche wako uko hai? Ni nani anayeumwagilia maji? Na ukishakuwa mti, ni nani atakayekuwa na ruhusa ya kukata tawi lake apate kuni?

Usijilaumu ukikosa jibu. Hata miradi mikubwa yenye wafadhili na magari ya kutimua vumbi hukosa jibu. Hesabu ambayo huandikwa kwenye ripoti mara nyingi ni ile ya miche iliyotoka kitaluni. Iliyopona ni hesabu nyingine. Na kama maisha ya mkulima aliye karibu na miti hiyo yamebadilika hata kidogo, hiyo ni hesabu ya tatu, na ni wachache mno wanaojishughulisha kuifanya.

Hesabu hiyo ya tatu iliwahi kufanywa na majirani zetu wa Tanzania. Inafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu ina mengi ya kutia moyo na pia ina mapengo yake.

Shinyanga iko kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma, watu wa ng'ombe, mtama, mahindi na pamba. Huko mvua si nyingi na kiangazi ni kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Zamani ardhi hiyo ilifunikwa na migunga na miti ya miombo. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahimiza wananchi wafyeke vichaka ili kumwangamiza mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Maelfu ya watu waliingia porini na mashoka. Mbung'o alirudi nyuma, na msitu ukaenda naye.

Yaliyofuata yaliongeza uharibifu. Mashamba ya pamba yalipanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikahitajika kila siku. Kisha katika miaka ya 1970 wananchi wakahamishwa kwenda kuishi katika vijiji vya pamoja, wakaacha nyuma maboma yao na maeneo waliyokuwa wakiyatunza tangu enzi za babu zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Julius Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Akina mama walikuwa wakichoma samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba badala ya kuni, na samadi inayochomwa jikoni haifiki shambani.

Mwaka wa 1986 ndipo ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waliujua kwa kifupi kama HASHI. Serikali ya Tanzania iliuendesha, Norway ikatoa fedha, na baadaye wataalamu wa ICRAF, kile kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao makuu yake hapa kwetu Gigiri, Nairobi, wakatoa ushauri.

Mwanzoni mradi ulifanya yale ambayo miradi yote hufanya. Vitalu vilifunguliwa na miche ikagawiwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Lakini katika nchi kame, mche mchanga una maadui watatu: jua, mchwa na mbuzi. Gharama ilikuwa kubwa kuliko mavuno.

Kilichouokoa mradi huu hakikutoka kitaluni. Kilikuwa kikijulikana na kila mzee wa Kisukuma, nacho kinaitwa ngitili. Huu ni utaratibu wa kufunga sehemu ya malisho. Mvua zinapoanza, mwenye boma hutenga kipande cha ardhi na ng'ombe hawaingizwi humo hata kama nyasi zinawafika tumboni. Kiangazi kinapokolea, pengine Julai au Agosti, wakati kwingine kote kumebaki vumbi, ndipo ngitili hufunguliwa. Ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulima hufikiriwa kwanza.

Jambo ambalo wataalamu walichelewa kulitilia maanani ni kwamba chini ya ardhi iliyofyekwa kulikuwa na visiki hai. Mgunga uliokatwa miaka mingi iliyopita huwa na mizizi inayosubiri nafasi tu. Ng'ombe wakiondolewa na moto ukizuiwa, visiki hivyo huchipua, na kwa kuwa mizizi yake tayari imeshika chini kabisa, chipukizi hukua haraka kuliko mche wowote wa kununua. Mradi ukabadilisha mwendo. Kazi kubwa ikawa kuzungumza na watu, kuchagua pa kufunga, na kukubaliana juu ya adhabu kwa atakayevunja mwiko.

Vyombo vya kufanya hivyo vilikuwapo. Kulikuwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma ambalo hutunga sheria za jamii na kuwatoza faini wakaidi. Kulikuwa pia na sungusungu, wale walinzi wa vijiji walioibuka mapema katika miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, na ambao jina lao hata sisi Wakenya tunalijua vyema. Sungusungu wakaanza kulinda miti kama walivyolinda ng'ombe. Isitoshe, sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka wa 1999 na ile ya misitu ya mwaka wa 2002 ziliwapa wanavijiji msingi wa kudai kwamba kilichomo ndani ya ngitili ni chao.

Matokeo? Mwaka wa 1986 ngitili zilizojulikana rasmi zilikuwa za hekta kama 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasimamizi wa mradi walikadiria kuwa zimefika hekta 350,000 au zaidi katika vijiji 833. Ili upate picha, hizo ni kilomita 3,500 za mraba. Kaunti yote ya Nairobi ingeingia humo mara tano. Mwaka wa 2002 HASHI ikatunukiwa tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Lakini hapo, msomaji, hasa wewe mwanafunzi, usipige makofi upesi. Hiyo 350,000 ni makisio. Uchunguzi wa kina uliofanywa katika baadhi ya vijiji uliorodhesha ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,000 hivi. Kati ya hizo, 284 tu ndizo zilizokuwa za jumuiya, na zilizosalia zote zilikuwa za watu binafsi. Tarakimu hizi mbili hazipingani, kwa sababu moja ni ya mkoa mzima na nyingine ni ya sehemu yake. Hata hivyo mtu makini huuliza kila mara: hii imepimwa, au imekisiwa?

Mwaka wa 2004 mradi ulifikia kikomo. Wakati huo Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania, pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, waliteua jopo la kutathmini kama kazi ya miaka 18 ilikuwa na maana yoyote kwa wananchi. Jopo liliongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 2005.

Wapimaji wa miradi wanapokuja kijijini, kwa kawaida huuliza mtu ameuza nini sokoni. Jopo hili lilifanya vizuri kuliko hapo. Liliuliza pia kile ambacho hakifiki sokoni: kuni za jikoni, nguzo za nyumba, nyasi za kuezekea, uyoga, matunda ya porini, asali, dawa za mitishamba, na malisho ya maksai. Mama akipika kwa kuni zake mwenyewe hakuna risiti, lakini angelazimika kuzinunua angejua thamani yake. Walipojumlisha yote, walipata kuwa ngitili zilikuwa zikimpa kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, kama Sh1,100 za Kenya kwa kiwango cha wakati huo. Matumizi ya wastani ya mwananchi wa mashambani Tanzania yalikuwa dola 8.50 tu. Chukua kalamu ukadirie kwa nyumba ya watu saba: ni karibu dola 1,200 kwa mwaka.

Saa nazo zilihesabiwa, na kwangu mimi hili ndilo lililo zito zaidi. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hadi 6, na ule wa kuchota maji kwa saa 1 hadi 2. Anayeishi mjini na kuwasha gesi kwa kidole anaweza kuipita sentensi hiyo bila kushtuka. Basi fikiria msichana wa darasa la saba ambaye ilimbidi atoke alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa utosini. Saa nne za ziada ni asubuhi nzima darasani.

Watu 64 katika kila 100 walisema maisha yao yameboreka kwa sababu ya ngitili. Aina 152 za miti, vichaka na mimea ya kutambaa zilionekana, pamoja na aina 145 za ndege. Wanyama pia walirudi. Hapa ripoti ilisema ukweli ambao miradi mingi hupenda kuuficha: msitu ukirudi, fisi naye hurudi, na ndege walao mtama hupata mahali pa kulala. Hasara ya mazao na mifugo ilikadiriwa kuwa dola 60 na kitu kwa kila familia kwa mwaka. Ukilinganisha na faida, ni kidogo. Ila mwambie hivyo yule aliyeliwa mbuzi wake wawili na hana ngitili yoyote!

Naam, hapo ndipo penye ugumu. Wastani ni kitu cha hatari. Mtu mmoja akiwa na ng'ombe 100 na jirani yake hana hata mmoja, wastani wao ni ng'ombe 50 kila mmoja, na jirani atalala bila maziwa vilevile. Ngitili ya mtu binafsi ilikuwa na wastani wa hekta 2.3, lakini wenye ardhi kubwa na mifugo mingi ndio waliofunga maeneo makubwa. Asiye na ardhi ya kutosha hukodi malisho kwa jirani yake au hununua nyasi kutoka kwake. Ngitili za jumuiya ndizo zilizokuwa kimbilio la maskini, nazo, kama tulivyoona, ni chache.

Na akina mama je? Ndio waliopunguziwa mwendo wa kuni, hilo halina ubishi. Lakini kwa desturi za huko mume ndiye mwenye ardhi, na ndiye huamua nguzo ziuzwe lini na pesa ziende wapi. Mradi unaweza kumpa mwanamke saa nne na usimpe shilingi hata moja mkononi.

Kisha kuna wale 36 katika kila 100 ambao hawakusema maisha yameboreka. Kama ungekuwa wewe mpimaji, naamini ungeanza na nyumba zao. Je, ni wale wasio na ardhi? Wajane? Wahamiaji? Jambo jingine la kujiuliza ni mvua. Mwaka ukiwa mwema kila mtu husema mradi ni mzuri. Ndiyo sababu mpimaji hodari hulinganisha kijiji chenye ngitili na kijiji kingine cha mvua ile ile kisichokuwa nazo, wala hatosheki kumuuliza mzee akumbuke hali ilivyokuwa miaka 18 iliyopita.

Sisi hapa Kenya hatuko mbali na mambo haya. Chepareria, kule Pokot Magharibi, wafugaji walianza katika miaka ya 1980 kuzungushia ua maeneo yao yaliyokuwa yamebaki udongo mtupu, wakisaidiwa na shirika la Vi la Uswidi, na nyasi zikarudi. Maswali ni yale yale: ua ni wa nani, na mwenye mbuzi watatu bila ua anapitia wapi?

Tangu mwaka wa 2004 HASHI haipo tena kama mradi. Mkoa wenyewe uligawanywa mwaka wa 2012: wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia katika mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Kwa hivyo atakayetaka kurudia hesabu ya Profesa Monela itambidi abishe hodi katika ofisi za mikoa mitatu. Miji inayokua inataka mkaa, na gunia la mkaa hulipa leo, wakati ngitili hulipa Agosti. Na wazee waliofunga ardhi zao wakati wa mradi wanawagawia wana wao urithi. Hekta 2.3 ni ekari tano na kitu. Ukiigawa kwa vijana wanne, kila mmoja anapata chini ya ekari moja na nusu, na kila mmoja ataamua peke yake kama ataifunga mvua zikianza, au atapanda mahindi.