Mama Fulani alizaliwa akiitwa nani?

Hanga lilikuwa Chaani, turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, gari la kupeleka maiti Kaloleni likisubiri barabarani. Msomaji wa wasifu alipotaja jina la marehemu, kina mama waliokaa jamvini wakatazamana. Nani huyo? Miaka yote aliyowauzia mahamri alfajiri, walimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza tu.

Niliporudi nyumbani nikalifungua daftari langu la ukoo. Upande wa nyanya yangu mzaa baba nimeandika wanawake saba. Watano ni "mama" wa mtu au "mke" wa mtu. Wanaume hawana pengo hata moja, babu kwa babu.

Serikali nayo ilichangia. Kipande cha mkoloni, kilichotokana na sheria ya 1915, kilikuwa cha wanaume. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa kwa vitambulisho 1978, kwa hivyo ajuza aliyefariki kabla ya hapo usimtafute huko.

Hata shujaa hakunusurika. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, alizaliwa akiitwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, na Menza ni babake. Litazame jina hilo tena: baba yumo, mtoto yumo, mwenyewe hayumo. Mimi ningemwandika hivi: Mnyazi wa Menza, halafu chini yake, kwa wino uleule, "baada ya kuzaa: Mekatilili". Jina la kuzaliwa ndilo linalokurudisha kwa ndugu zake. La uzazi linakupeleka kwa wanawe. Ukifuta moja umekata tawi.

Waislamu wana nafuu kidogo, kwani binti Ali hubaki binti Ali hata akiolewa mara tatu, na mtoto wa kulea hubaki na jina la babake mzazi. Kwingine mtoto aliyelelewa na mjomba huingia shule kwa jina la mjomba, na wajukuu wakadhani ndiye babu yao wa damu. Hapo andika wote wawili, aliyezaa na aliyelea, na useme nani ni nani.

Kisauni kuna kisa kizito zaidi. Watumwa waliokombolewa baharini na kuwekwa Frere Town kuanzia 1875 walibatizwa majina ya Kizungu. Kwa wengi wa vizukuu vyao, ukoo unaanzia kwenye maji ya ubatizo. Jina la Kizungu liandikwe, na nafasi ya lile la kwanza iachwe wazi, isijazwe kwa kubahatisha.

Kinachonichekesha ni kwamba mpiga ramli, kabla hajagusa chochote, hukuuliza jina lako na la mama yako. Shekhe anayesoma talakini kaburini naye humwita maiti kwa jina la mamake. Sisi wenye madaftari ndio tuliosahau kuuliza.

Jumapili nilimpelekea shangazi orodha ya wale watano. Akaweka kidole kwenye wa kwanza. "Huyu? Huyu tukimwita mama wa..." Akanyamaza. Akampigia simu dadake aliye Mazeras, wakabishana kidogo, wakacheka, kisha akaniashiria nishike kalamu.