Silaha, Sheria na Haki ya Raia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Wabatemi wa Samunge, kijiji ambacho wengi walikijua mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha mzee aliyejulikana kama Babu, walivyojilinda zamani: boma la magogo na miiba kuzunguka kijiji, malango yenye walinzi, na vijana wenye pinde. Leo tutazame sheria zilizowakuta humo.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulitiwa saini kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa. Lakini ulizuia pia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mwenyeji aliachiwa gobori la kushindiliwa baruti mdomoni, tena kwa masharti. Msafiri wa Kizungu alipita na bunduki yake kwa hati ya serikali yake.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akaweka leseni ya uwindaji katika koloni la Wajerumani. Mwaka 1900 wakoloni wakakutana London na kukubaliana kubana matumizi ya nyavu na mashimo ya kunasia wanyama. Basi aliyenyimwa bunduki akabanwa hata kwenye mtego wa babu zake; kitoweo kikawa kosa la jinai.

Marekani nako, mara tu utumwa ulipokoma, jimbo la Mississippi lilitunga sheria mwaka 1865 kumkataza mtu mweusi aliyeachwa huru kumiliki silaha bila kibali. Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya 1868, yalikuja kudai ulinzi sawa wa sheria.

Katiba yetu ya Tanzania haimpi raia haki ya kumiliki bunduki, na sidai impe. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 inataka leseni, na hilo ni jambo la busara. Ila Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zina mambo mawili yanayokwenda pamoja: ibara ya 13 inataka usawa mbele ya sheria, na ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake.

Kwa hiyo, dola ikishika silaha zote, imebeba deni. Mkulima wa Samunge akivamiwa usiku, anastahili kufikiwa na polisi sawasawa na mkazi wa Arusha mjini. Deni hilo lisipolipwa, udhibiti unabaki na sura ileile ya 1890.

Wiki ijayo: ibara ya 24 na haki ya ardhi.