Safari ya Kutazama Wanyama Katika Nchi Jirani: Panga Mipaka Kwanza

Watu wa Kitui na Makueni si wageni wa safari. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilikuwa ikichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa, na jina la Kivoi wa Kitui lilijulikana sana na wafanya biashara wa pwani. Wazee wale hawakuondoka nyumbani kwa kubahatisha. Walitaka kujua kwanza maji yako wapi, ni nani mwenye nchi watakayoipita, na chakula kitatosha siku ngapi.

Siku hizi msafiri haendi kutafuta pembe, bali huenda kumtazama mnyama akiwa hai. Walimu, vyama vya akina mama na vikundi vya vijana huweka fedha kidogo kidogo ili wapate kuziona mbuga za Kenya na za nchi jirani. Fedha hizo ni jasho la watu: ni mbuzi waliouzwa, ni pojo na maembe. Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha zinapopotea njiani kwa sababu tu safari haikupangwa vyema. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuipanga.

RAMANI HUDANGANYA

Kosa kubwa la wasafiri wengi ni kupanga wanyama kabla ya kupanga mipaka. Mtu hufungua ramani, akaona kwamba Maasai Mara ya Kenya na Serengeti ya Tanzania zimegusana. Hujisemea moyoni, “Asubuhi nitakuwa Mara, na jioni nitalala Serengeti.” Lakini haiwezekani. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari, 1977, na ingawa mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, ile njia ya watalii iliyounganisha mbuga hizi mbili haikurudishwa. Nyumbu zaidi ya milioni moja huuvuka mpaka huo bila kuulizwa neno, lakini mtu hana budi kuzunguka mbali, kwa Isebania au kwa Namanga, ambako kuna maofisa wa kugonga muhuri.

Tena kuna jambo la motokaa. Kwa mapatano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985, motokaa za kuchukua watalii zilizoandikishwa Kenya haziingii katika mbuga za Tanzania, bali abiria hushuka na kupanda gari la upande wa pili. Mabishano juu ya jambo hili yameendelea kwa miaka mingi. Basi mtu ye yote akiwaambia kwamba gari lake litawachukua kutoka Kibwezi mpaka ndani ya Serengeti, msimlipe kabla ya kuuliza sawasawa. Gari la upande wa pili likodishwe mapema, na bei yake iandikwe.

MFANO WA SAFARI MOJA

Tuseme watu kumi wa Kibwezi na Mutomo wameazimia kwenda. Wale wa Kitui watashuka kwa barabara ya lami ipitayo Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, na hapo watakutana na wenzao. Wakipenda, wanaweza kupanda treni iliyoanza kazi mwaka 1017 + 1000, yaani 2017, ambayo husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei.

Mtito Andei uko karibu nusu ya njia baina ya Nairobi na Mombasa, na hapo pana lango la Tsavo Magharibi. Watalii hutoka nchi za mbali ili kufika hapo, na kwa jirani ni karibu sana. Mbuga mbili za Tsavo zilianzishwa mwaka 1948, na zote pamoja zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Wasikose kufika Mzima, ambako viboko huogelea katika maji maangavu. Maji yale ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano, ikapita chini ya ardhi na kutokea tena Mzima. Kwa hiyo mtu wa Makueni akiyatazama, anayatazama maji ya vilima vya kwao.

Kutoka Mzima wataelekea kusini mpaka lango la Maktau, kisha Taveta, na kuvuka mpaka kwa Holili. Kisha watafika mji wa Same, na karibu yake ni lango la mbuga ya Mkomazi, ambayo mpaka wake umepakana na Tsavo Magharibi. Mkomazi hutunza vifaru na mbwa mwitu. Kisha wataendelea Arusha, Ngorongoro na Serengeti. Kurudi kwao kutakuwa kwa Namanga, kisha Amboseli, na mwisho Emali. Hivyo safari itakuwa imeanza Makueni na kuishia Makueni, na hakuna njia itakayopitwa mara mbili ila ile ya kwenda Same na kurudi, na ile ya kutoka Serengeti kurudi Arusha.

HATI ZA KUCHUKUA

Kila msafiri awe na pasi. Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana mwaka 2014 kwamba raia wao waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Asiye na pasi aende mapema kwa Idara ya Uhamiaji kuuliza juu ya hati ya muda. Asingoje juma la safari, kwani kazi hiyo yaweza kuchukua siku nyingi.

Pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho maofisa wa afya mpakani waweza kukitaka. Sindano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiwi kuwa halali. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mtu, hivyo kisitupwe baada ya safari.

Tatu, mwenye kuvuka na gari lake awe na bima ihusuyo nchi za nje, ile inayoitwa kadi ya njano, pamoja na kitabu cha gari. Nne, msichukue mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019.

Kama kuna watakaopenda kuongeza Uganda au Rwanda ili kuwaona sokwe wakubwa wa milimani, wajue kwamba kibali cha kuwatazama hununuliwa miezi mingi mbele, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwakaribia. Wajue pia kwamba katika Rwanda magari hupita upande wa kulia, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

FEDHA NA MAJIRA

Raia wa Afrika ya Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa Ulaya au Marekani, lakini sharti aonyeshe hati yake langoni. Milango mingi haipokei noti tena, bali hupokea malipo kwa simu, kwa kadi au kwa namba inayotolewa kabla. Basi mweka hazina wa kikundi aulize habari hizi mapema, asije akasimama langoni na bahasha ya fedha isiyofaa. Ni vema pia kuweka kando sehemu ya fedha isiyoguswa, kwa ajili ya ugonjwa au gari kuharibika.

Majira nayo yafikiriwe. Nyumbu huzaa katika nyanda za kusini mwa Serengeti kati ya Januari na Machi, na huwa Mara kati ya Julai na Oktoba. Katika Tsavo, wakati mzuri ni kiangazi, kwani majani huwa machache na wanyama hukusanyika penye maji.

FAIDA ILIYO KUBWA KULIKO PICHA

Huenda mtu akauliza, “Mimi ninayekesha shambani nikifukuza ndovu, nitalipaje fedha ili nimtazame?” Swali hili ni la haki. Watu wanaokaa karibu na Tsavo na hifadhi ya Kitui Kusini wanajua jinsi mahindi ya msimu mzima yanavyoweza kuliwa kwa usiku mmoja, na wako waliofiwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini kila mtu ajua kwamba fidia haimrudishi marehemu, na tena malipo yamekuwa yakichelewa.

Hiyo ndiyo sababu ya kusafiri kwa akili. Mvua zinaponyesha, ndovu wa Tsavo huvuka na kuingia Mkomazi, na kiangazi kikija hurudi. Kwa hiyo mkulima wa Mutomo au Kibwezi na mkulima wa Same wana adui mmoja na mali moja, ila hawajapata kuonana. Kikundi kinachopita Same kiweke angalau nusu siku ya kuzungumza na wenyeji: ndovu huja miezi gani, huzuiwa kwa nini, na fedha za watalii zinafika kijijini kwa njia gani? Lugha yao na yetu ni moja, na maswali hayana kiingilio.

Basi kabla ya kukodi gari, wanachama wakae pamoja waandike mambo manne katika karatasi moja: mpaka gani, hati gani, gari la nani, na fedha kiasi gani. Na chini yake waongeze la tano: tutarudi nyumbani na habari gani ya kuwafaa wale waliobaki wakilinda mashamba?