Picha ya Ndege Asiye na Jina

Mwenye kutaka kupiga picha za ndege wa majini katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet sharti kwanza akubali kutawaliwa na hali ya hewa. Alfajiri ukungu hufunika mabwawa na vinamasi vilivyo kati ya mashamba. Kufikia saa nne jua limekwisha kuwa kali. Na alasiri, aghalabu, radi hunguruma na mvua ikamwagika, pengine ya mawe.

Wengi hudhani kwamba picha njema ni ya juani. La hasha! Kamera haijui inachokitazama. Kipimo chake cha mwanga hukisia kwamba kila kitu ni cha kijivu. Yangeyange mweupe akisimama mbele ya maji meusi, kamera hupokea mwanga kupita kiasi, naye akawa doa tupu lisilo na unyoya. Kwarara akiruka mbele ya mawingu meupe, hugeuka kivuli. Mpiga picha ndiye apaswaye kusahihisha: ampunguzie wa kwanza mwanga, amwongezee wa pili. Na mawingu mepesi tunayoyalaumu ndiyo yatawanyayo mwanga sawasawa, rangi za manyoya zikaonekana zilivyo.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Bomet, alinionyesha picha aliyoipiga kinamasini karibu na kwao mvua ilipoanuka. Ndege wawili warefu, taji za dhahabu vichwani, matone yaking'aa migongoni. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza ni ndege gani. Akataja jina la Kiingereza. Kwa Kiswahili je? Akanyamaza. Na kwa Kikipsigis? Akatabasamu kwa haya: "Hilo nyanya ndiye alijuaye, Mwalimu."

Ndege huyo ni korongo-taji. Wakipsigis humwita kong'ony, na miongoni mwa Wakalenjin zipo koo zimchukuazo kuwa ishara yao. Tangu mwaka 2012 amo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Sababu si fumbo: hutaga mayai yake kinamasini, nacho kinamasi hukaushwa kikalimwa au kikapandwa mikaratusi, miti inywayo maji bila kiasi.

Sheria tunazo. Kenya iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu mwaka 1990, na mwaka 2009 zikatolewa kanuni za kulinda ardhi hizo nchini. Lakini ni nani atakayekwenda kushtaki kwamba kinamasi kimeporwa, ikiwa hakuna awezaye kuthibitisha kilivyokuwa, wala kuwataja waliokaa humo?

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu. Shule iliyo na kamera moja tu, hata ya simu, ichague kinamasi kimoja na kukipiga picha katika ukungu, juani na baada ya mvua, Januari ya ukame na Aprili ya masika, mwaka baada ya mwaka. Chini ya kila picha yaandikwe mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, na jina la ndege kwa Kikipsigis, Kiswahili na Kiingereza. Jina lisilojulikana, mwanafunzi akamwulize nyanya yake jioni hiyo hiyo.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya likizo. Nyuma ya picha ile alikuwa ameandika kwa kalamu: kong'ony.