Makumbusho na Maktaba Kando ya Mto: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchimba Msingi

Miji mingi iliyojengwa karibu na maji huweka nyumba zake za heshima ukingoni: makumbusho, maktaba, ukumbi wa mikutano. Jiji la Arusha halina bahari wala ziwa, lakini lina mito. Themi, Naura, Goliondoi, Kijenge na Burka hushuka kutoka Mlima Meru na kupita katikati ya makazi yetu. Aidha, tunayo Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya Boma la kale, Makumbusho ya Azimio la Arusha yaliyo Kaloleni, na Maktaba ya Mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kila moja ina mahali pake na mlango wake.

Mkazi akiuliza kwa nini huduma hizi zisiwekwe pamoja katika jengo moja kando ya mto, atakuwa ameuliza swali jema. Makala haya hayatangazi mradi wowote. Yanaeleza jinsi jengo la namna hiyo linavyobuniwa, ili siku wazo likiletwa mbele ya mkutano wa mtaa au wa kijiji, wananchi walipime wakiwa na maarifa.

Mto huamua kwanza

Mito yetu ina tabia inayofahamika na kila aliyezaliwa hapa. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku mjini kukiwa na jua, na maji yakafika ghafla yakiwa yamebeba matope, mawe na magogo. Msimu wa masika wa mwaka 2024 ulitupa msiba usiosahaulika, pale gari la shule liliposombwa na maji ya mafuriko jijini Arusha mwezi Aprili na wanafunzi wakapoteza maisha. Kwa hiyo, mbunifu anayechora jengo kando ya mto hana budi kuuliza kwanza maji yamewahi kufika wapi, kabla ya kuuliza jengo litapendeza vipi. Jibu la swali hilo mara nyingi liko kwa wazee wa mtaa, ambao hukumbuka mwaka ambao mto ulipanda hadi kwenye mti fulani au ukuta fulani.

Sheria nayo imeweka mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wapo wanaoiona ardhi hiyo kuwa imepotea. Kwa makumbusho na maktaba, ardhi hiyo ni sehemu ya jengo lenyewe, yaani bustani yake. Hapo hupandwa miti ya asili inayoshika udongo, kama mikuyu na miringaringa. Huwekwa njia za miguu na viti vya kusomea. Na mto unapofurika, maji hupata mahali pa kutandaa yakapungua nguvu bila kugusa kitabu hata kimoja. Jengo lenyewe husimama nyuma, juu ya ardhi iliyoinuka.

Jambo la tatu ni majirani wa chini. Maji ya Themi huungana na Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika Mto Pangani. Maji machafu ya vyoo na mafuta ya maegesho ya magari yakiachwa yatiririke mtoni, atakayeumia ni mkulima na mfugaji aliye mbali na jiji. Ndiyo maana mchoro wa mabomba ya maji taka unastahili kutazamwa kwa makini sawa na picha ya sura ya jengo.

Mafunzo kutoka Alexandria na Zanzibar

Barani Afrika yapo majengo mawili ya kando ya bahari yanayofundisha mengi. La kwanza ni maktaba kuu ya Alexandria nchini Misri, iliyofunguliwa mwaka 2002. Ilibuniwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, iliyoshinda shindano la kimataifa la wabunifu mwaka 1989. Jengo hilo lina umbo la duara kubwa lenye kipenyo cha mita 160, nalo limelalia upande wa bahari. Ukumbi wake wa kusomea umepangwa kwa ngazi pana zinazoshuka, na huchukua wasomaji wapatao 2,000. Madirisha ya paa yameelekezwa kaskazini, ili mwanga uingie na jua kali lisifike mezani. Ndani yake mna makumbusho pia, hivyo mgeni aliyekuja kutazama vitu vya kale hujikuta hatua chache kutoka kwenye rafu za vitabu.

La pili liko Zanzibar. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari, likiwa na baraza ndefu zilizobebwa na nguzo za chuma. Baadaye lilifanywa makumbusho ya historia na utamaduni. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake wa saa ilianguka, na watu wawili wakafariki dunia. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, zikishikana na vyuma. Katika majengo ya aina hiyo, maji yanayopenya paa na chumvi ya bahari huviozesha vyuma polepole bila mpita njia kuona dalili. Somo ni kwamba jengo la umma halimaliziki siku ya kukatwa utepe. Lisipotengewa fedha za kulitunza kila mwaka, hasa paa na mifereji yake, fahari yake hugeuka kuwa hatari.

Jua, uzito na unyevu

Mtu anaweza kushawishika kunakili mchoro wa Alexandria. Hilo lingekuwa kosa. Arusha iko karibu na Ikweta, takriban nyuzi tatu kusini mwake. Miezi mingine jua letu hupita upande wa kaskazini, mingine upande wa kusini, na adhuhuri huwa karibu na utosi. Jua la adhuhuri huzuiwa kwa urahisi na paa lenye upenu mpana. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la jioni, ambalo huja likiwa chini na kupita chini ya upenu. Kwa sababu hiyo, kuta ndefu zenye madirisha zinapaswa kutazama kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi.

Hapa ndipo pana ugumu wa pekee. Mito yetu kwa sehemu kubwa hutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo kingo zake hutazama mashariki au magharibi. Jengo likipangwa kwa urefu wake wote sambamba na mto, litafungua madirisha yake kwa jua lile lile linalofifisha wino na kukausha karatasi. Suluhisho ni kulielekeza mtoni kwa ubavu wake mfupi, likiwa na baraza lenye kina na kivuli cha miti, na kuuweka ukumbi wa kusomea upande wa kaskazini. Kwa bahati njema, huko kaskazini ndiko uliko Mlima Meru. Msomaji atainua macho kutoka kitabuni na kuuona.

Uzito nao husahaulika. Sakafu ya ofisi ya kawaida huhesabiwa kubeba takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ghala la vitabu huhitaji uwezo wa mara mbili hadi tatu ya huo. Nyumba ya kawaida haigeuzwi maktaba kwa kuingiza rafu tu.

Adui mwingine ni unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota kwenye karatasi na ngozi. Kumbukumbu na vitu vya thamani huwekwa ghorofa ya juu, wala si chini ya ardhi karibu na mto. Chini hubaki ukumbi wa mikutano, mgahawa na chumba cha watoto, ambavyo vikilowa hukaushwa.

Mlango utazame wapi?

Boma letu lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya wenyeji. Lilikuwa ngome, na kuta zake zilikusudiwa kuwazuia watu hao hao walioyabeba mawe yake. Tangu mwaka 1987 limekuwa makumbusho, na mtoto wa shule huingia humo kujifunza asili ya binadamu, zikiwamo nyayo za Laetoli. Jengo jipya halina sababu ya kurithi tabia ya ngome. Liwe na mlango upande wa barabara na mwingine upande wa bustani, njia ya kiti cha magurudumu, na ukingo wa mto ulio wazi kwa kila mkazi bila kiingilio.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Mradi wa namna hii ukiletwa katika eneo lako, uliza yafuatayo:

1. Je, jengo liko nje ya mita 60 za ukingo, na alama ya mafuriko ya zamani imepimwa?
2. Je, tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani imeshirikishwa?
3. Je, mbunifu amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi?
4. Je, maji taka yataelekea wapi?
5. Je, fedha za matunzo ya kila mwaka zitatoka wapi?
6. Je, bustani ya mtoni itabaki mali ya umma?

Mwananchi anayo haki ya kuomba kuona michoro na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Maoni yakitolewa kabla ya msingi kuchimbwa, kurekebisha huhitaji kalamu na karatasi tu. Yakitolewa baada ya zege kumwagwa, gharama hulipwa na sote.