Elimu ya Jumla katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Nafasi ya Kiswahili kwa Mwanachuo wa Mkiwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza masomo ya awali ya elimu ya jumla katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi nchini Tanzania, kwa kumtazama mwanachuo atokaye Mkiwa, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, mahali ambapo barabara itokayo Itigi hukutana na ile inayotoka Manyoni kwenda Singida. (Katika Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, hata hivyo, jina la mahali palipo katika nchi ya Wanyaturu lisifasiriwe kwa kamusi ya Kiswahili bila ya ushahidi wa Kinyaturu chenyewe.) Miongoni mwa vyuo hivyo, mkoa huo una cha Singida na cha Msingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba masomo ya jumla, ambayo huchukuliwa kuwa kiambatisho cha ufundi, ndiyo yanayompa mwanachuo lugha ya kuutumia ufundi huo nje ya karakana.

2.0 Chimbuko na jina

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, na kwa kufuata mfano wa shule za watu za nchi za Skandinavia, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844. Fikra za shule hizo zilitokana na N.F.S. Grundtvig (1783–1872), aliyeipinga elimu ya Kilatini akidai kwamba mkulima aelimishwe kwa lugha anayoisema, tena kwa neno linalosemwa kabla ya lile linaloandikwa. Jambo hili la lugha halitajwi sana vyuo hivi vinapoelezwa, ingawa ndilo kiini chake.

Tafsiri ya jina nayo inastahili kuangaliwa. Neno chuo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali pa kusomea Kurani. Kwa hiyo lilibeba heshima ya maandishi kabla ya kubeba maana ya taasisi. Mwananchi ni mwana wa nchi, mtu mwenye haki na wajibu. Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na baadaye, katika mwaka wa fedha 2016/17, vikarudishwa wizara ya elimu. Katika mapito yote hayo jina limebaki la wananchi. Tofauti hiyo si ndogo: jamii huhudumiwa, lakini mwananchi husema.

3.0 Kutoka kisomo hadi darasa la jumla

Mwanzoni mwanachuo alichaguliwa na kijiji chake, akatarajiwa kurudi huko. Alikuwa mtu mzima aliyemaliza kisomo chenye manufaa au shule ya msingi; kwa hali zote mbili alikuwa amesoma kwa Kiswahili. Shule ya sekondari ingemtaka abadili lugha akaingie katika Kiingereza. Chuo hakikumtaka hivyo. Kwa ajili hiyo chuo kikawa miongoni mwa mahali pachache, baada ya elimu ya msingi, ambapo hesabu, uraia, uchumi na utunzaji wa vitabu vya fedha vingeweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa watu wazima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba lugha hii yaweza kufikisha maarifa ya afya hadi katika vikundi vya vijijini.

Lakini Kiswahili si lugha ya kwanza ya Wanyaturu wengi. Kinyaturu kina irabu saba na kinatumia toni. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Mwanachuo anapoandika i mahali pa e, au u mahali pa o, yawezekana kwamba anajaribu kuzigawa irabu saba katika herufi tano. Mwalimu asiyelijua hilo humhesabia ujinga. Somo la awali la Kiswahili, likifundishwa na mtu mwenye maarifa kidogo ya fonolojia, lingeyatatua mengi ambayo somo la hesabu hulaumiwa kwayo.

Tatizo zito zaidi ni la maana. Neno faida, katika mazungumzo ya kila siku, ni manufaa yoyote. Katika daftari la biashara ni kilichobaki baada ya gharama kutolewa. Mkulima wa vitunguu anayeuza kwa gunia la lumbesa huona fedha mkononi na kusema amepata faida, ilhali ujazo uliozidishwa juu ya mdomo wa gunia umekwisha kumla. Kadhalika stakabadhi ghalani: maneno yote mawili ni ya Kiswahili, lakini mtu hawezi kuyaelewa yakiwa pamoja mpaka aelezwe kwamba karatasi hiyo inasimama badala ya mzigo wenyewe, na kwamba Sheria ya mwaka 2005 imeipa nguvu hiyo. Maelezo ya aina hii hayamo katika useremala wala uashi. Yamo katika elimu ya jumla.

4.0 Ufundi na maandishi

Istilahi za ufundi zenyewe hazina shida kubwa. Randa, timazi, pimamaji na msumeno hujulikana kwa fundi asiyewahi kuingia chuoni, na majina hujifunzwa pamoja na vifaa. Kinachomshinda fundi ni matini: makadirio ya gharama, barua ya kudai malipo, mkataba. Siku hizi fundi wa kijijini huweza kupewa na kamati ya shule kazi ya kujenga darasa, na kabla ya kuanza hutakiwa kutia saini. Vipengele vya muda, ubora na makato vimo katika karatasi hiyo, kwa Kiswahili sanifu cha kiofisi ambacho hakisemwi Mkiwa wala penginepo. Saa za elimu ya jumla zikipunguzwa ili karakana ipate nafasi zaidi, fundi huyo atajua kuunyoosha ukuta kwa timazi, kisha atatia saini asichokisoma.