'Mwendapole wa Angani': Kicheko kilichositiri machungu ya marubani wanawake

NI nadra kwa jamii iliyofiwa kucheka hadharani. Hata hivyo, mwaka wa 1946, Muungano wa Kisovieti ukiwa ungali unaomboleza mamilioni ya watu wake walioangamia katika Vita vya Pili vya Dunia, umma ulimiminika katika kumbi za sinema kutazama kichekesho kuhusu vita hivyo hivyo. Filamu hiyo, ambayo jina lake la Kirusi twaweza kulifasiri kuwa 'Mwendapole wa Angani', ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 20.

Swali linalozuka ni hili: watu waliozika jamaa zao jana walicheka nini leo? Na je, kicheko hicho kiliwatendea haki wale waliopigana?

Filamu za kuchekesha kuhusu marubani hazikuwa jambo geni wakati huo. Mwaka wa 1941, Marekani ilitoa 'Keep 'Em Flying', ambamo wachekeshaji mashuhuri Abbott na Costello wanavuruga mambo katika chuo cha urubani. Mwaka uo huo, Ujerumani ilitoa 'Quax, der Bruchpilot', ambamo Heinz Rühmann aliigiza mtu wa kawaida anayeshinda nafasi ya kufunzwa kuendesha ndege. Filamu zote mbili zilijificha katika vyuo vya mafunzo, mbali na risasi. Mtazamaji aliburudika bila kuoneshwa maiti.

Mwelekezi Semyon Timoshenko alithubutu kukipeleka kicheko mstari wa mbele. Filamu yake ilitengenezwa mwaka wa 1945 na studio ya Lenfilm ya Leningrad, mji ambao ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kwa takriban siku 900 hadi Januari 1944. Waliocheka walikuwa watu walioijua njaa na mauti kwa karibu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Marubani watatu wanaapa kwamba hawatapenda mwanamke yeyote hadi vita vitakapomalizika. Mmoja wao, Meja Bulochkin, ambaye aliigizwa na Nikolai Kryuchkov, anajeruhiwa, na madaktari wanampiga marufuku kuendesha ndege za kasi. Shujaa huyu aliyezoea kukata mawingu anapewa U-2, kijindege cha mbao na kitambaa. Isitoshe, anajikuta akihudumu pamoja na marubani wanawake. Mwishowe wote watatu wanavunja kiapo chao, nacho kijindege alichokibeza kinampa heshima asiyoitarajia. Nyimbo za Vasily Solovyov-Sedoi zilizomo ndani yake zingali zinaimbwa nchini Urusi hadi leo.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Hapo ndipo kiini cha kichekesho hiki kilipo. Kinachochekwa si vita, bali ni majivuno ya mwanamume anayedhani kwamba ushujaa hupimwa kwa kasi ya injini. Watazamaji wengi walikuwa watu wa kazi zisizo na sifa: madereva, wauguzi, wapishi wa jeshi na wafanyakazi wa viwandani. Kuona kitu duni kikitukuzwa kulikuwa sawa na kutukuzwa wao wenyewe.

Nayo U-2 haikubuniwa na mtunzi wa hadithi. Iliundwa na mhandisi Nikolai Polikarpov katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kufunzia wanagenzi. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 100 hivi, na kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 150 kwa saa. Mbuni huyo alipofariki mwaka wa 1944, ndege hiyo ilipewa jina la Po-2 kwa heshima yake.

Aidha, marubani wanawake walikuwepo kweli. Mnamo Oktoba 1941, rubani maarufu Marina Raskova alipewa jukumu la kuunda vikosi vitatu vya anga vya wanawake. Kimojawapo, Kikosi cha 588 cha kudondosha mabomu usiku, kilitumia U-2. Walipokaribia shabaha, marubani hao walipunguza au kuzima injini na kuteleza kimyakimya gizani, hivi kwamba adui alisikia tu mvumo wa upepo kwenye mabawa. Wajerumani waliwabandika jina la 'Wachawi wa Usiku'. Kufikia mwisho wa vita walikuwa wameruka zaidi ya safari 23,000 za mashambulizi.

Hapa ndipo filamu na historia zinapoachana njia. Katika filamu, tunawaona wanawake hao kupitia macho ya mwanamume anayejifunza kuwaheshimu. Katika historia, kamanda wa kikosi hicho alikuwa mwanamke, Yevdokia Bershanskaya, nao mafundi na wapakiaji mabomu walikuwa wanawake vilevile. Hawakuhitaji meja aliyejeruhiwa aje kugundua kwamba wao ni wapiganaji.

Pili, filamu inakaribia kunyamaza kabisa kuhusu gharama. Kwa sehemu kubwa ya vita, marubani hao waliruka bila miavuli ya kujiokolea, na kitambaa cha ndege zao kilishika moto upesi. Katika usiku mmoja tu, kati ya Julai 31 na Agosti 1, 1943, kikosi hicho kilipoteza ndege nne na wanawake wanane. Raskova mwenyewe alikuwa amefariki katika ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huo.

Je, basi Timoshenko alaumiwe? La hasha. Mwaka wa 1946 hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa kwamba vita huua. Kile alichokinyamazia kilikuwa kimejaa tele nyumbani kwa kila aliyekata tikiti, naye aliwapa saa moja na nusu hivi ya kupumua. Tatizo ni letu sisi tulio mbali na majonzi hayo. Kicheko kimetufikia, lakini msiba uliokizaa haukutufikia. Anayeitazama filamu hii leo hana budi kuijua historia ya Kikosi cha 588. La sivyo, atadhani kwamba wanawake wale walikuwa pambo la hadithi ya Bulochkin, ilhali wao ndio waliokuwa hadithi yenyewe.